Chanel: Jina la Coco, Mkwanja wa Wengine

Ukiona zile C mbili zilizopeana mgongo kwenye mkoba au chupa ya pafyumu, akili inaenda moja kwa moja kwa Coco Chanel. Jina lake, mali yake, siyo? Hapana. Stori yenyewe iko hivi.

Gabrielle "Coco" Chanel alizaliwa mwaka 1883 huko Saumur, Ufaransa, kwenye familia maskini. Mwaka 1910 alifungua duka la kofia mtaa wa Cambon, Paris, kwa mtaji aliopewa na mpenzi wake Mwingereza, Boy Capel. Kofia zikazaa nguo, na mwaka 1921 ikatoka No. 5, pafyumu iliyobuniwa na fundi Ernest Beaux.

Pafyumu ikapendwa balaa, lakini bidada hakuwa na kiwanda. Mwaka 1924 akaingia dili na ndugu wawili, Pierre na Paul Wertheimer, waliokuwa wanatengeneza vipodozi. Ikaanzishwa kampuni ya Parfums Chanel: wao asilimia 70, Théophile Bader wa maduka ya Galeries Lafayette aliyewakutanisha asilimia 20, na mwenye jina asilimia 10 tu! Duka la nguo likabaki lake.

Mauzo yalipopaa, Coco akaona amepigwa. Akahangaika na wanasheria miaka kibao bila mafanikio.

Kisha ikaja vita. Wajerumani waliiteka Paris mwaka 1940, na akina Wertheimer, ambao ni Wayahudi, wakakimbilia Marekani. Hapo ndipo Coco alipofanya jambo linalochafua jina lake mpaka leo: mwaka 1941 aliwaandikia wakubwa akitaka apewe kampuni, kwa kutumia sheria za kuwanyang'anya Wayahudi mali zao. Akakuta wenzake wameshawahi. Hisa walikuwa wameziweka kwa Félix Amiot, Mfaransa asiye Myahudi, ambaye baada ya vita alizirudisha.

Pamoja na yote hayo, mwaka 1947 walikaa mezani, na Coco akakubaliwa asilimia 2 ya mauzo ya No. 5 dunia nzima. Huo ulikuwa mshiko wa maana. Mwaka 1954, akiwa na miaka 70, alirudi kwenye mitindo, na aliyemwaga pesa ni yuleyule Pierre. Baadaye Pierre akainunua na nyumba ya nguo, naye akagharamia maisha ya Coco mpaka alipofariki hotelini Ritz, Januari 10, 1971.

Wabunifu wameendelea kupita. Karl Lagerfeld peke yake alikaa kuanzia 1983 hadi alipofariki 2019. Wenye mali hawajabadilika: leo Chanel ni ya Alain na Gérard Wertheimer, wajukuu wa Pierre.

Coco aliuza jina akiwa na haraka ya kutoboa, akatumia zaidi ya miaka 20 kulipigania. Ingekuwa wewe, ile asilimia 10 ungesaini?