Kidhibiti mota

Kidhibiti mota ni kifaa cha kielektroniki kinachofungwa kati ya umeme wa gridi na mota ya umeme. Kazi yake ni kuamua mota iwashwe vipi, izunguke kwa kasi gani na izimwe wakati gani. Katika viwanda na mitambo ya maji, aina inayotumika sana ni ile inayobadili marudio ya umeme. Mafundi wengi huiita VFD au inveta. Makala hii inahusu aina hiyo, na hasa namna inavyosanidiwa kwa programu ya kompyuta au simu kupitia mtandao.

Kusanidi kidhibiti ni kukipa vigezo vyake vya kazi, yaani namba na maagizo yanayokieleza kimefungwa kwenye mota ya aina gani na mota hiyo inaendesha nini. Zamani fundi alilazimika kusimama mbele ya kifaa na kubonyeza vitufe vyake. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa kutoka ofisini, mji mwingine au nchi nyingine. Umbali huo umerahisisha mambo mengi, lakini vigezo sahihi bado hutokana na vipimo vilivyochukuliwa pale mtambo ulipo.

Kanuni ya kazi

Mota nyingi za viwandani hutumia umeme wa mkondo geu wa fezi tatu. Kasi yake hufuata marudio ya umeme, yaani idadi ya mizunguko ya mkondo kwa sekunde moja, inayopimwa kwa hertzi (Hz). Kanuni yake ni hii:

kasi (mizunguko kwa dakika) = 120 × marudio ÷ idadi ya ncha za sumaku

Tanzania, Kenya na Uganda hutumia umeme wa 50 Hz. Kwa hiyo uga wa sumaku katika mota ya ncha 4 huzunguka mara 1500 kwa dakika. Rota huchelewa kidogo nyuma ya uga huo, ndiyo maana kibati cha mota huandikwa namba kama 1450.

Ndani ya kidhibiti kuna hatua tatu. Kwanza mkondo geu unageuzwa kuwa mkondo mnyoofu. Pili, kapasita husawazisha volteji. Tatu, transista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde huutengeneza upya mkondo geu kwa marudio yanayotakiwa. Marudio yakishushwa, volteji nayo hushushwa kwa uwiano uleule: mota ya 400 V na 50 Hz hupewa takriban 200 V inapoendeshwa kwa 25 Hz. Volteji ikiachwa juu wakati marudio yameshuka, chuma cha mota hujaa usumaku, mkondo hupanda na koili huweza kuungua.

Historia

Mota ya fezi tatu yenye rota ya kizimba ilitengenezwa na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky mwaka 1889, mwaka mmoja baada ya Nikola Tesla kupata hataza zake za mota ya mkondo geu nchini Marekani. Kwa muda mrefu mota hizo zilikuwa na kasi moja tu. Aliyetaka kupunguza maji ya pampu alifunga vali, huku mota ikiendelea kuzunguka kwa kasi ileile.

Vifaa vya nusukipitishi vilivyotokea miaka ya 1950 ndivyo vilivyofungua njia. Mwaka 1968 kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kutengeneza vidhibiti vya kubadili marudio kwa wingi. Katika miaka ya 1970 Felix Blaschke wa kampuni ya Siemens nchini Ujerumani alieleza njia ya kuongoza mota kwa kufuata uga wake wa sumaku, na mota za mkondo geu zikaanza kuongozwa kwa usahihi mkubwa zaidi. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa Modbus, lugha ya mawasiliano kati ya mashine, ambayo hadi leo hutumika kusoma na kuandika vigezo vya vidhibiti vingi.

Vigezo muhimu

Kidhibiti kimoja huweza kuwa na mamia ya vigezo, lakini vichache ndivyo vinavyobeba usalama wa mota:

- Volteji, marudio, mkondo, nguvu na kasi ya mota. Namba hizi husomwa kwenye kibati cha mota yenyewe, wala hazikisiwi.
- Kikomo cha mkondo. Kama mota ni ya ampea 15 na kidhibiti kimeambiwa 30, kinga haitafanya kazi inavyopaswa. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya koili huongezeka mara nne.
- Marudio ya chini na ya juu, yaani mipaka ambayo mota haitakiwi kuivuka.
- Muda wa kupanda na kushuka kwa kasi. Ukiwa mfupi mno, mkondo hupanda au bomba hupigwa na wimbi la maji. Ukiwa mrefu mno, baadhi ya pampu huumia.
- Chanzo cha amri, yaani kama kidhibiti kitatii vitufe vyake, swichi iliyo kando yake au ujumbe unaotoka kwenye mtandao.
- Kuanza chenyewe baada ya umeme kurudi.

Njia za kusanidi

Njia ya kwanza ni vitufe na kioo kidogo kilicho juu ya kifaa. Njia ya pili ni kuunganisha kompyuta kwa waya na kutumia programu ya mtengenezaji, kama vile Drive Composer ya ABB, SoMove ya Schneider Electric au MCT 10 ya Danfoss. Programu hizo huonyesha vigezo vyote kwa pamoja, huchora grafu ya mkondo na kasi, na huhifadhi nakala. Kidhibiti kikiharibika, kipya hupewa nakala ileile kwa dakika chache.

Njia ya tatu ni mtandao. Baadhi ya vidhibiti vina kurasa za wavuti ndani yake, vingine huunganishwa na simu kwa Wi-Fi, na vingine hupeleka taarifa zake kwenye seva ya mbali kupitia modemu ya simu. Fundi huingia kwa jina na nenosiri, husoma hitilafu zilizotokea, na akiwa na ruhusa hubadili kigezo. Faida yake huonekana zaidi pale mitambo inapokuwa imetawanyika na mafundi ni wachache.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo kioo cha kompyuta hakiyaonyeshi. Waya mbili za fezi zikibadilishana nafasi kati ya kidhibiti na mota, mota huzunguka kinyume. Programu itaonyesha 50 Hz na neno la kwamba mota inafanya kazi, na pampu itatoa maji kidogo au isitoe kabisa. Ni mtu aliyepo hapo, au kipimo cha maji kilichofungwa kwenye bomba, kitakachogundua.

Mfano wa pampu ya maji

Kwa pampu zinazozunguka, maji hupungua kwa uwiano wa kasi, kimo ambacho maji yanaweza kusukumwa hupungua kwa kipeo cha pili cha kasi, na nguvu inayotumika kwa kipeo cha tatu. Kasi ikishushwa hadi 80%, nguvu kwa nadharia hushuka hadi takriban 51%. Hesabu hii ndiyo inayowavutia wengi kufunga vidhibiti ili kupunguza gharama za umeme.

Lakini hesabu hiyo haitoshi pale maji yanapopandishwa kutoka kisimani hadi kwenye tangi. Tuchukue mfano wa pampu ambayo kwa 50 Hz kimo chake cha juu kabisa, vali ikiwa imefungwa, ni mita 60. Tangi lipo mita 40 juu ya usawa wa maji kisimani. Mtu aliye ofisini akishusha marudio hadi 40 Hz ili kuokoa umeme, kimo kipya kitakuwa 60 × 0.8 × 0.8, sawa na mita 38.4. Maji hayafiki kwenye tangi. Pampu inazunguka, umeme unatumika, mota ya ndani ya kisima inakosa maji yanayopita kuipoza, na mabomba ya watu yamekauka. Kwa pampu hiyo marudio ya chini yanapaswa kuwa juu ya 41 Hz, na fundi mwangalifu huongeza kidogo ili maji yatiririke kweli.

Pampu za kuzamishwa kisimani zina sharti jingine. Beringi zake hubebwa na utando mwembamba wa maji unaohitaji kasi ya kutosha. Kwa sababu hiyo watengenezaji huagiza zisiendeshwe chini ya kiwango fulani, mara nyingi 30 Hz, na zifike hapo haraka, kwa kawaida ndani ya sekunde moja. Kigezo cha kupanda polepole kinachofaa feni kinaweza kuiharibu pampu ya kisima.

Katika kisiwa cha Pemba

Madungu ni shehia ya mji wa Chake Chake, katika Mkoa wa Kusini Pemba. Kama sehemu nyingine za kisiwa, huduma ya maji ya mji hutegemea sana visima na pampu za umeme chini ya Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), na umeme husambazwa na Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO). Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea jenereta za dizeli. Mwaka huo ulizinduliwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye volteji ya 33 kV na urefu wa takriban kilomita 78, uliojengwa kwa msaada wa Norwe.

Katika mazingira ya aina hii kigezo cha kuanza chenyewe kina uzito wa pekee. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, pampu inayoanza yenyewe huwajazia watu matangi kabla hawajaamka. Lakini fundi aliyetumia nafasi ya umeme kukatika ili afungue kifuniko cha pampu, naye huweza kukatwa vidole pindi umeme unaporudi. Hatari ni ileile amri ya kuwasha inapotoka mbali. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli ambayo ufunguo wake anao fundi mwenyewe, kuning'iniza kibao cha onyo, na kusubiri kapasita zimalize chaji. Kwa vifaa vingi muda huo ni dakika 5 au zaidi, na huandikwa kwenye kifuniko. Kuzima kwa programu pekee hakuhesabiwi kuwa ni kinga.

Mtandao nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 waya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na huduma ya intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Kidhibiti kilichosanidiwa vizuri huendelea na kazi kwa vigezo vilivyo ndani yake mtandao unapopotea, na hubaki na swichi ya kukiendesha papo hapo.

Usalama wa mtandao

Mwaka 2000, katika eneo la Maroochy nchini Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kufunga mitambo ya majitaka alitumia redio na kompyuta kuamuru pampu bila ruhusa. Takriban lita 800,000 za majitaka zilimwagika katika mito na bustani, na mwaka 2001 alihukumiwa kifungo. Mwaka 2010 iligunduliwa programu haribifu iitwayo Stuxnet, iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani ya Iran. Ilitafuta vidhibiti vilivyokuwa vikiendesha mota kati ya 807 na 1210 Hz, kisha ikabadili marudio hadi 1410 Hz na baadaye 2 Hz ili kuharibu mashine. Katika matukio yote mawili vifaa vilitii amri kama vilivyoundwa kutii. Tatizo lilikuwa aliyetoa amri.

Hatua za kawaida za kinga ni kubadili nenosiri la kiwandani, kutokiweka kidhibiti wazi kwenye intaneti, kupitia njia iliyofichwa kwa usimbaji, kuwapa wengi ruhusa ya kusoma na wachache ruhusa ya kuandika, kufuta akaunti ya mfanyakazi anapoondoka, na kuandika daftarini kila kigezo kilichobadilishwa, na nani, lini na kwa nini. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa ni kosa la jinai.

Mafunzo

Misingi inayohitajika hupatikana katika masomo ya fizikia na hisabati ya sekondari: sumaku na umeme, uwiano na vipeo. Kwa upande wa Zanzibar ufundi wa umeme husomeshwa katika vyuo vya mafunzo ya amali, kikiwemo cha Vitongoji kisiwani Pemba, na katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyopo Mbweni, Unguja. Watengenezaji wengi hutoa programu zao za kusanidi bila malipo, na baadhi yake huweza kuiga kidhibiti ndani ya kompyuta, hivyo mwanafunzi anaweza kujizoeza bila kuhatarisha mota wala mtu.