Hadithi Nne za Shakespeare Katika Unguja

Wasikilizaji wangu, mwalimu yeyote wa pwani yetu, tangu Ubena hata Bagamoyo, amepata kumwona mwanafunzi asomaye Kiingereza kwa sauti nzuri wala hakosei neno, lakini akiulizwa, "Umesoma habari gani?" hunyamaza. Mimi nami nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo. Nilikariri ukurasa mzima kama kasuku, na nilipoulizwa maana nikainamisha kichwa. Kwa ajili hiyo nataka kuwaeleza habari ya kale ya Unguja, ng'ambo yetu, iliyonifaa sana katika kazi ya ualimu.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere walifika Unguja. Siku zile soko la watumwa lilikuwa bado wazi, na misafara ya bara iliteremka Bagamoyo na bandari nyingine, ikileta watu wa kuvushwa bahari wakauzwe. Mwaka ule ule Sultani Majid alimpa Askofu watoto wanaume watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wake wa kwanza.

Steere alijifunza kwanza lugha yetu. Aliketi na watu wa Unguja, akasikiliza ngano zao, akaziandika. Nazo zilipigwa chapa mwaka 1870. Lakini kabla ya hizo, mwaka 1867, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mna hadithi nne zitokazo katika michezo ya Shakespeare. Hakuzitwaa katika michezo yenyewe, maana Kiingereza cha michezo ile ni kigumu hata kwa Waingereza. Alizitwaa katika kitabu ambacho Charles Lamb na dada yake Mary waliwaandikia watoto, kilichotoka London mwaka 1807. Moja ni habari ya Mfalme Lear aliyewagawia binti zake nchi. Nyingine ni ya mfanyabiashara wa Venice aliyeweka rehani ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Fikirini basi. Kijana aliyeokolewa katika jahazi, ambaye mwili wake wote ungalitiwa bei sokoni, asoma habari ya mtu anayedaiwa nyama yake kwa deni. Je, alihitaji kufafanuliwa sana? Venice hakuijua, walakini jambo lenyewe alilijua. Na kwa kuwa lilimfikia kwa Kiswahili, liliingia moyoni.

Hadithi hiyo haikuishia hapo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha Pugu kabla ya kushika uongozi wa nchi, alifasiri mchezo wa Julius Caesar mwaka 1963. Na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, ndiyo habari ile ile iliyotolewa Unguja miaka 102 kabla yake.

Wako wanaodhani kwamba Kiswahili humzuia mtoto asijue Kiingereza. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Darasani mwangu twafanya hivi: twasoma hadithi fupi ya Kiingereza, kisha vitabu hufungwa, na mwanafunzi huihadithia kwa Kiswahili, halafu huihadithia tena kwa Kiingereza chake mwenyewe, kiwe kichache namna gani, mwisho twafungua kitabu, tuone mwandishi alivyosema. Hapo neno geni hupata mahali pa kukaa.

Jambo hili si dogo. Katika shule zetu za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha akiingia sekondari karibu masomo yote huwa kwa Kiingereza. Asomaye bila kuelewa hapotewi na Kiingereza peke yake. Hupotewa na hesabu, na sayansi pia.

Basi, wazazi, mtoto akirudi jioni na kitabu cha Kiingereza, msiseme, "Sisi hatukijui." Mwambieni, "Hebu, mwanangu, tuhadithie kwa Kiswahili." Akiweza, ameelewa. Asipoweza, na akifungue tena.