Mto Nakivubo na Maji ya Kunywa ya Kampala: Historia ya Tatizo la Mwani

Kwa miongo mingi Kampala imechota maji yake ya kunywa Ggaba, kwenye Ghuba ya Ndani ya Murchison katika Ziwa Victoria. Ghuba hiyohiyo hupokea uchafu wa jiji kupitia mto Nakivubo, na mara kwa mara maji yake hugeuka rangi ya kijani kwa wingi wa mwani. Insha hii inadai kwamba tatizo hili limetokana zaidi na maamuzi ya mipango miji kuliko na uzembe wa wakazi.

Mtambo wa kwanza wa maji ulijengwa Ggaba mwishoni mwa miaka ya 1920. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na viwanda vikaenea katika bonde la Nakivubo. Serikali ya kikoloni ikajenga pia mtambo wa majitaka Bugolobi, ambao maji yake huishia katika mto huohuo. Hatari haikuonekana mapema, kwa kuwa jiji lilikuwa dogo na kati ya Bugolobi na ziwa palikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo. Mafunjo yalinyonya naitrojeni na fosforasi, na matope yakatuama humo kabla ya maji kuingia ziwani. Kwa kweli, kinamasi kilikuwa mtambo wa pili wa kusafisha majitaka, ingawa hakikutengewa bajeti wala ulinzi.

Baada ya uhuru uwiano huo ulivunjika. Sensa ya 1969 ilihesabu watu wapatao 330,000. Ile ya 2014 ilihesabu zaidi ya milioni 1.5. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka liliundwa mwaka 1972, lakini machafuko ya miaka iliyofuata yalidhoofisha matengenezo ya miundombinu. Wakazi wengi hawakufikiwa na mabomba ya majitaka, wakategemea vyoo vya shimo mabondeni, ambako mvua husomba kinyesi. Mto uligeuzwa mfereji wa zege ili kupunguza mafuriko, na hivyo uchafu ukafika ziwani haraka zaidi. Kinamasi nacho kilimegwa kwa viwanda, nyumba na mashamba ya magimbi na miwa.

Matokeo yake ni ghuba iliyorutubishwa kupita kiasi. Mwani huziba vichujio, huyapa maji harufu, na hulazimisha matumizi makubwa ya kemikali, gharama ambayo hatimaye hulipwa na mteja. Baadhi ya bakteria wa kijani-buluu, kama Microcystis, huweza kutoa sumu inayodhuru ini. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi sumu hiyo. Kwa hiyo wavuvi na familia zinazochota maji moja kwa moja ziwani ndio walio hatarini zaidi.

Miaka ya karibuni mtambo mpya wa maji umejengwa Katosi, mbali na ghuba hiyo, na mwingine wa majitaka Bugolobi. Hatua hizi si sawa. Katosi inaliwezesha jiji kuukwepa uchafu wake, Bugolobi inaupunguza. Historia ya Nakivubo inaonyesha kwamba mitambo peke yake haitoshi bila vyoo salama mabondeni na kinamasi kinacholindwa kisheria na kivitendo. Vinginevyo, Katosi itamfaa mwenye bomba nyumbani, huku jirani yake wa ufukweni akiendelea kuchota maji ya kijani.