Miaka 90 tangu ielezwe njia ya kupima misindano ya Afrika Kusini

Mwaka 2025 ilitimia miaka 90 tangu A. J. O'Connor, mtaalamu wa misitu wa Afrika Kusini, aueleze mkutano wa misitu wa Himaya ya Uingereza namna ya kujua shamba libakizwe miti mingapi. Wajerumani walikuwa na majedwali ya mavuno tangu zamani, na mwaka 1933 Reineke wa Marekani alitoa kipimo chake cha msongamano. Lakini kisa cha Afrika Kusini ndicho kinachotugusa, maana ni cha misindano na miwati, miti ileile ya Mufindi na Njombe.

Kulikuwa na ugomvi. Mtaalamu wa misitu I. J. Craib, baada ya kuchunguza miwati, alitaka misindano ipunguzwe mapema na kwa wingi ili inayobaki inenepe upesi. Waliofuata desturi ya Ulaya ya kupunguza kidogo kidogo walishtuka: mti wenye nafasi huota matawi mazito, na mbao zake hujaa vifundo. Craib akajibu: pogoa matawi mti ungali mchanga. Hapo alikuwa sahihi. Lakini waliomtilia shaka nao walikuwa na lao, kwani mbao ya miaka ya mwanzo ya msindano ni nyepesi na hupinda, na mti unaonenepeshwa mapema huwa na nyingi ya namna hiyo.

O'Connor alileta vipimo. Ploti zilipandwa miti 2,965 kwa hekta, kisha zikapunguzwa kwa hatua kabla miti haijabanana: moja ikabaki na 1,483, nyingine 741, hadi ile ya 124. Mti usiosongwa hauna habari na jirani yake, hivyo mashina yote huanza kunenepa kwa mkondo mmoja. Ukianza kusongwa, mkondo wake huachana na wa mwenzake mwenye nafasi. Hapo mikondo inapoachana ndipo msumeno unapohitajika.

Mwaka 1973 watafiti Pienaar na Turnbull walitumia vipimo vya ploti hizo kuunda hesabu za ukuaji.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, wakulima wengi bado hawapunguzi miti, wakiona kukata mti mchanga ni hasara. Hasara ni kuuacha. Msindano uliobanwa miaka mingi hufa matawi ya chini, na hata ukipewa nafasi baadaye huchelewa kurudisha kasi. Mwenye shamba, ingia na futi kamba leo, pima mashina kwa usawa wa kifua, andika, urudie mwakani. Yakiwa yamenenepa kidogo mno, usingoje mwaka mwingine kupunguza.