Likizo na mapumziko ya afya: tofauti iko wapi?
Mkazi wa Namuwongo, mtaa wa Kampala unaopitiwa na reli na kupakana na mfereji wa Nakivubo, akienda ufukweni Entebbe siku ya sikukuu, hiyo ni likizo: hula na kulala apendavyo. Mapumziko ya afya yana nia na ratiba. Uganda iliyajua kabla hoteli hazijaanza kuyauza kwa bei kubwa. Huko Kitagata, wilayani Sheema, wagonjwa hukaa siku kadhaa wakioga katika chemchemi za maji moto. Chemchemi moja huitwa Mulago, jina lililoazimwa kutoka hospitali kuu ya rufaa jijini Kampala. Maji hayo huweza kulegeza viungo vinavyouma. Dawa za daktari, hata hivyo, zisiachwe nyumbani.