Kutafuta Ukoo Masisi na Walikale: Kati ya Karatasi na Kinywa cha Wazee

Mfaransa anayemtafuta babu wa babu yake anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa nyumbani. Amri ya mwaka 1539 iliwaagiza mapadre waandike ubatizo, kisha sheria ya Septemba 1792 ikaikabidhi serikali kazi ya kuandika vizazi, ndoa na vifo. Leo hifadhi za nyaraka za majimbo zimepiga picha vitabu hivyo na kuviweka kwenye intaneti bila malipo. Anayejua kijiji na mwaka hupanda kizazi baada ya kizazi, mara nyingi hadi karne ya 17.

Mzaliwa wa Masisi au Walikale, huko Kivu mashariki mwa Kongo, hukuta hali nyingine. Utawala wa Kibelgiji ulihesabu nguvu kazi kuliko familia. Karani aliandika kwanza wanaume wazima wenye afya, maana hao ndio waliolipa kodi ya kichwa, waliochonga barabara na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wanawake na watoto mara nyingi walibaki tarakimu mwishoni mwa ukurasa.

Kazi ya mashamba ndiyo iliyobadili sura ya Masisi. Mwaka 1937 Wabelgiji waliunda shirika la kuwahamisha Wanyarwanda, MIB. Hadi mwaka 1955 inakadiriwa watu 85,000 walikuwa wametolewa Rwanda, iliyosongwa na watu na njaa, na wengi wao wakapelekwa Masisi. Huko Masisi, Gishari ilimegwa kutoka nchi ya Wahunde ikapewa chifu wa Kinyarwanda, hadi uchifu huo ulipofutwa mwaka 1957. Kwa hiyo nyaraka za uhamisho huo ni historia ya familia mbili kwa pamoja: ile iliyoletwa, na ile iliyomegewa ardhi.

Mafaili mengi ya utawala yalisafirishwa hadi Brussels. Yalihifadhiwa katika Wizara ya Mambo ya Nje, kisha yakaanza kuhamishiwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji. Hifadhi hiyo hiyo imeweka vitabu vya parokia za Ubelgiji kwenye intaneti, bure. Faili la Kongo, kwa sehemu kubwa, mtu hulisoma akiwa ameketi Brussels. Machotara walionyang'anywa mama zao wakati wa ukoloni walipoombwa radhi na Waziri Mkuu Charles Michel mwezi Aprili 2019, Ubelgiji ilikubali pia kuwasaidia kutafuta wazazi wao katika nyaraka hizo. Jambo hilo linawezekana, basi, pakiwepo nia.

Karibu na nyumbani kuna kitabu cha ubatizo cha misheni. Mstari mmoja hubeba mengi: tarehe, jina la Kikristo na la kienyeji, baba, mama, msimamizi na kijiji. Pembeni padre huongeza ndoa, kwa kuwa tangu mwaka 1908 Kanisa linataka ndoa iandikwe kando ya ubatizo. Hapo mama ana jina lake. Msomaji awe macho tu: R na L hubadilishana nafasi kwa mkono wa mwandishi mgeni, na katika koo nyingi ndugu wa tumbo moja hawana jina la pamoja.

Pale karatasi inapoishia, kinywa huendelea. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mwimbaji Shé-Kárisi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo kwa siku 12. Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Jamii inayobeba kichwani simulizi refu kiasi hicho inaweza kubeba nasaba pia, mradi mtu akae na kuandika.

Huku kwetu kazi hii inagusa haki ya mtu kuitwa mwananchi. Sheria ya uraia ya mwaka 1972 iliwatambua watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu tangu kabla ya 1950. Ya mwaka 1981 ikarudisha kipimo nyuma hadi 1885, mwaka ambao hakuna familia ya Masisi iliyo na karatasi yake. Ya mwaka 2004 ikachukua uhuru kuwa kipimo. Kati ya sheria hizo mbili, Machi 1993, mauaji ya kikabila yalianzia Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Nyumba ziliungua pamoja na vyeti vilivyokuwa ndani.

Ndiyo maana vitabu vya misheni vipigwe picha sasa, nakala zikae zaidi ya mahali pamoja, na mafaili ya Brussels yafunguliwe bure kwa watu wa Kivu kama yale ya parokia za Ubelgiji. Yasomwe na koo zote, yasigeuzwe fimbo ya kumfukuza jirani. Nawe ukitaka kuanza, anza na bibi aliye hai. Mwulize mama yake ni nani, alizaliwa kijiji gani, aliolewa wapi, kisha andika. Hiyo ndiyo nusu ya ukoo ambayo karani wa kodi aliiacha.