Chembe ndogo mno huumizaje mapafu?

Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Ukivuta chembe za kiwango hicho, nyingine hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Ili kujua zipi ni hatari, wanasayansi huchora njia ya madhara, hatua kwa hatua. Chukua mirija ya kaboni, unga mweusi unaotiwa kwenye plastiki na betri. Mirija hugusa utando wa seli. Seli hutoa ishara. Seli za kinga hukusanyika na mapafu huvimba kwa ndani, kama kidonda. Uvimbe usipotulia, seli zinazotengeneza makovu huongezeka na mapafu hukakamaa. Hayo yameonekana kwa panya. Kovu la mapafu halifutiki, kwa hiyo kinachotafutwa ni hatua za mwanzo, ambazo hupimika kwenye seli za maabara kabla mtu hajavuta chochote.

Mirija haifanani. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aina moja, MWCNT-7, kati ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kwa aina nyingine ushahidi haukutosha.

Ikishikwa ndani ya plastiki, mirija haipeperuki. Wasiwasi wangu ni kwa anayemimina unga wake au kupiga msasa. Barakoa ya kitambaa haimtoshi.